Umepiga mbizi, unapanda ndege lini? Mwongozo kamili kwa wazamiaji wa Malindi na Watamu

Kaskazi ikitulia na maji ya Sabaki yakiacha kuchafua bahari, swali hurudi lilelile: "Nilizama jana, leo naweza kuruka?" Na jibu linalozunguka ufukweni nalo ni lilelile: "Lala usiku mmoja tu kaka, kesho uko poa."

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Usiku mmoja si kipimo. Aliyeibuka saa nne asubuhi akapanda ndege kesho yake saa nane mchana amelala usiku mmoja, na amesubiri saa 28. Aliyeibuka saa kumi na moja jioni akapanda ndege ya saa moja asubuhi naye amelala usiku mmoja, lakini amesubiri saa 14 tu.

Kosa la pili linafanywa na watu waangalifu zaidi. Wanaacha ndege kwa hofu, wanapanda basi au treni ya SGR kwenda Nairobi usiku uleule, na wanaamini wamekwepa hatari. Hawajaikwepa. Mwili haujui umebebwa na nini. Unachojua ni kwamba hewa ya nje imepungua uzito.

Mwongozo huu unamhusu aliyevuta hewa ya mtungi chini ya maji, hata kama ni mara moja tu kwa majaribio. Ukiogelea juujuu kwa miwani na mrija kule kwenye hifadhi, haukuhusu. Furahia samaki wako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuhesabu

- Tiketi ya safari ya kwanza kabisa. Ukiwa unakwenda Dubai kupitia Nairobi, inayohesabiwa ni ile ndege ya kutoka Malindi.
- Daftari la mbizi, au karatasi yoyote yenye kina, muda na saa ya kuibuka kwa kila mbizi.
- Kompyuta ya mbizi (kile kifaa cha mkononi kinachopima kina na muda) uliyovaa wewe mwenyewe tangu mbizi ya kwanza ya safari.
- Namba za simu: kituo ulichozama nacho, bima yako ya mbizi kama unayo, na hospitali ya karibu.
- Simu yenye ramani inayoonyesha mwinuko kutoka usawa wa bahari, kama utasafiri kwa barabara au reli.

Kalamu nayo isikosekane. Hesabu ya kichwani ndiyo iliyotuleta hapa.

## Kinachotokea mwilini, kwa ufupi

Hewa ya mtungi ni hewa ya kawaida iliyobanwa, na karibu asilimia 79 yake ni naitrojeni. Kila mita 10 unazoshuka zinaongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu ya bahari. Kwa hiyo katika mita 20 mwili wako unabeba mara tatu ya shinikizo la ufukweni, na naitrojeni inaingia kwenye damu, misuli, mafuta na viungo kwa wingi kuliko kawaida.

Ukipanda, inatoka. Damu huitoa haraka. Sehemu nyingine, kama viungo na mafuta, huitoa polepole, kwa saa nyingi baada ya wewe kukausha nywele na kula biriani. Ukiipunguzia hewa ya nje uzito kabla naitrojeni haijatoka vya kutosha, haibaki imeyeyuka tena, inageuka kuwa viputo. Viputo vikikwama kwenye goti ni maumivu. Vikikwama kwenye uti wa mgongo, mtu anaweza kushindwa kutembea.

Ndani ya ndege kubwa ya abiria shinikizo haliwekwi sawa na la ufukweni. Kwa kawaida huwa kama la mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Kwenye mita 2,400, karibu robo ya shinikizo la pwani imetoweka. Ukitaka kuliona kwa macho, beba pakiti ya mabuyu iliyofungwa barabara kutoka Malindi, uitazame ukifika juu: imevimba.

## Hatua ya 1: Anza na ndege, mbizi zifuate

Wengi hupanga mbizi kwanza, kisha wanajaribu kuibana ndege ikae mahali. Fanya kinyume. Chukua saa ya ndege kuondoka, rudi nyuma saa 24, uandike. Kisha rudi nyuma saa 18 kutoka ileile ya ndege, uandike pia. Mistari hiyo miwili ndiyo mipaka yako; kwa nini 24 na 18, utaona hatua ya 2.

Mfano: ndege ni Jumapili 16:30. Saa 24 nyuma ni Jumamosi 16:30. Mbizi zako mbili za Jumamosi asubuhi zinaingia bila wasiwasi.

Sasa badilisha ndege iwe Jumapili 07:30. Saa 24 nyuma ni Jumamosi 07:30, na saa 18 nyuma ni Jumamosi 13:30. Ile Jumamosi uliyoilipia hoteli karibu imekwenda yote. Ndiyo maana namwambia kila anayekuja kwa wikendi: kama ratiba inakupa nafasi ya kuchagua, nunua tiketi ya alasiri kabla hujauliza bei ya mbizi.

Tahadhari: ndege ikichelewa, inakuongezea muda. Ikisogezwa mapema, inakunyang'anya. Ujumbe wa shirika la ndege ukisema safari imesogezwa mapema, hesabu upya palepale.

Umemaliza hatua hii ukiwa na saa mbili zimeandikwa, kila moja na tarehe yake.

## Hatua ya 2: Jua uko kundi gani

Viwango vinavyotumiwa na vituo vingi duniani vilitolewa na Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji. Ni hivi, kuhesabu tangu kuibuka kwa mbizi ya mwisho:

- Mbizi moja tu, isiyokulazimu kusimama njiani ukipanda: angalau saa 12.
- Mbizi zaidi ya moja kwa siku, au mbizi za siku kadhaa mfululizo: angalau saa 18.
- Mbizi yoyote iliyokulazimu kusimama kwa sababu ulikaa chini kupita muda unaoruhusiwa kwa kina hicho: zaidi sana ya saa 18. Hapa anza na 24 na uongeze.

Kule kusimama dakika 3 katika mita 5 ambako kiongozi wako huwafanyisha nyote ni kwa tahadhari tu, na hakukuingizi kundi la tatu. Kundi la tatu ni pale kompyuta inapokuamuru: usipande zaidi, kaa hapa dakika kadhaa.

Mambo yanayochanganya watu:

"Leo nimezama mara moja tu." Na jana? Kama jana ulizama, uko kundi la saa 18.

"Ilikuwa majaribio, hata cheti sina." Mapafu hayaulizi cheti. Majaribio ya mbizi moja baharini ni saa 12. Wakikupa ya pili mchana, ni 18.

"Nilitumia naitroksi." Hiyo ni hewa ya mtungi iliyoongezwa oksijeni, na ni kweli ina naitrojeni kidogo kuliko hewa ya kawaida, lakini usiitumie kama sababu ya kukata saa za kusubiri. Faida hiyo iachie mwili wako.

Na hayo yote yanamhusu mtu asiye na dalili yoyote, na ndege ambayo ndani yake ni kama mita 600 hadi 2,400. Viwango vinapunguza hatari, haviifuti. Mtu anaweza kufuata kila kitu na bado akaumwa, ingawa ni nadra. Mimi kwa mtu wa likizo husema angalau saa 24, kwa kila mtu, bila kuuliza kundi. Saa sita za ziada Malindi si adhabu.

## Hatua ya 3: Andika saa ya kuibuka ukiwa bado botini

Inayohesabiwa ni dakika ambayo kichwa chako kilitoka majini kwa mara ya mwisho. Saa ya kufika ufukweni haihesabiwi, wala ya kurudisha vifaa. Kompyuta inaihifadhi, isome na uiandike kabla hujavua.

Kama kompyuta ni ya kukodi, piga picha ya kioo chake kabla ya kuirudisha, ukurasa wa mbizi ya mwisho na ukurasa wenye alama ya ndege, ile inayoonyesha kuwa bado hujafaa kuruka. Watu wengi hufika hotelini wakiwa na kumbukumbu ya "ilikuwa kama saa sita hivi, au saba", na hiyo saa moja ya ubishi ndiyo huamua.

## Hatua ya 4: Tumia mfumo mmoja wa saa, si miwili

Hili ni kosa letu sisi, hutalikuta kwenye vitabu vya wageni.

Kiongozi wa boti anaandika kwenye daftari "9:15", maana yake saa tisa na robo alasiri. Tiketi imeandikwa 08:20 kwa saa za kizungu. Mtu anatoa moja kwa nyingine: kutoka 09:15 leo hadi 08:20 kesho ni saa 23 na dakika 5. Anaona amefaulu kundi la saa 18 na chenji imebaki.

Ukweli ni kwamba aliibuka 15:15. Kutoka hapo hadi 08:20 ni saa 17 na dakika 5. Hajafika.

Tofauti ya saa zetu na za tiketi ni sita, na sita ndiyo tofauti iliyopo kati ya 18 na 12. Hesabu mbovu inakushusha kundi zima bila wewe kuhisi.

Fanya hivi: kila saa unayoandika kwa ajili ya kazi hii iwe ya saa 24, kama ya tiketi. Saa tatu asubuhi andika 09:00. Saa tisa alasiri andika 15:00. Saa mbili usiku andika 20:00. Kisha hesabu kwa vipande viwili: kutoka kuibuka hadi saa sita usiku, halafu kutoka saa sita usiku hadi ndege. Jumlisha. Kwa mfano wetu: 15:15 hadi 24:00 ni saa 8 na dakika 45, hadi 08:20 ni saa 8 na dakika 20. Jumla ni 17:05.

Mbizi za usiku zina mtego wa pili. Nahodha mzee wa hapa akisema "usiku wa Jumapili" huenda anamaanisha usiku unaoanza Jumamosi magharibi. Mgeni kutoka Nakuru akisema hivyohivyo anamaanisha Jumapili yenyewe baada ya giza. Hapo ni siku nzima inayumba. Andika tarehe, tarehe haina ubishi.

Umefaulu ukimpa karatasi yako mtu ambaye hakuwepo botini, naye akapata jumla ileile.

## Hatua ya 5: Linganisha na kompyuta, chukua kilicho kirefu

Kompyuta nyingi huonyesha alama ya ndege, au saa zilizobaki kabla ya kuruka. Nyingine huweka saa 24 kwa kila mtu. Nyingine hupiga hesabu kutokana na mbizi zako. Kwa hiyo usishangae wawili waliozama pamoja wakiona namba tofauti.

Kanuni ni fupi: kati ya kompyuta na kundi lako la hatua ya 2, fuata muda mrefu. Kompyuta ikifuta alama saa ya 14 na wewe uko kundi la 18, subiri 18. Ikisema 24, subiri 24 hata kama umeshajipa ruhusa.

Usifanye haya: kuazima kompyuta ya mwenzako ili uone kama yake "inaruhusu", kubadilisha betri katikati ya safari na kuendelea kuiamini kama inakumbuka mbizi za juzi, kuvaa moja leo na nyingine kesho. Kompyuta inajua mbizi ilizokwenda nazo tu.

## Hatua ya 6: Pima njia yako, hata kama hupandi ndege

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wa huku kwetu wanapoumia bila kujua.

Malindi iko usawa wa bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu yake. Shinikizo la hewa la Nairobi ni pungufu kwa takriban asilimia 18 kuliko la Malindi. Ukikaa Nairobi, mwili wako uko kama ndani ya ndege nzuri ya kisasa, tofauti ni kwamba ndege hutua na Nairobi haishuki.

Mpaka unaoangaliwa ni mita 600. Mahali pakizidi hapo, pahesabu kama ndege. Sasa tembea na ramani kutoka Mombasa: Mariakani, chini. Voi, karibu kabisa na mita 600, ukingoni. Ukiipita Voi kuelekea Mtito Andei umeshavuka, na kuanzia hapo barabara na reli zinazidi kupanda hadi Nairobi.

Kwa hiyo anayesafiri kwa basi au SGR hesabu yake haiishii pale gari linapoondoka. Inaishia anapopita Voi. Hiyo inampa nafuu kidogo, lakini isimlevye. Mtu aliyeibuka kwenye mbizi ya pili saa 12:20 mchana, akapanda basi la Malindi saa 19:00, atakuwa eneo la Voi kama usiku wa manane. Hapo amesubiri kama saa 12, na kundi lake ni 18. Treni ya usiku kutoka Miritini, kituo cha SGR cha Mombasa, haimwokoi. Inapita njia ileile na inafika Nairobi kabla hakujakucha.

Wanaoendelea mbele waangalie zaidi. Limuru iko kwenye mita 2,200 hivi. Barabara ya Nakuru inapanda zaidi ya hapo kabla ya kuteremkia bondeni. Anayekwenda Eldoret kupitia Timboroa anavuka mita 2,700, na hapo amepita hata kile kiwango cha ndani ya ndege ambacho hesabu zetu zimetengenezewa. Wazamiaji wanaorudi bara kwa matatu mpaka bonde la ufa wasubiri saa 24 kamili kabla ya Voi, na wakilala Nairobi usiku mmoja kabla ya kuendelea, bora zaidi.

Kuna na wale wa matembezi ya mchana. Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala ni nchi ya chini, haina shida. Milima ya Taita ina shida: Wundanyi ni zaidi ya mita 1,300. Umezama asubuhi, mchana dereva anakwambia twende tukaone mawingu Taita, mwambie kesho.

Umefaulu ukijua jina la mahali utakapovuka mita 600 na saa utakayopavuka.

## Hatua ya 7: Uliza ni ndege ya aina gani

Ndege za abiria wengi zinazotoka Malindi kwenda Nairobi hujazwa hewa ndani, yaani shinikizo lake halishuki sawa na la nje, na viwango vya hatua ya 2 vinazihusu.

Ndege ndogo ni habari nyingine. Cessna Caravan, ile ya injini moja unayoiona sana kwenye viwanja kama Manda kule Lamu na Wilson kule Nairobi, haijazwi hewa. Rubani akiruka mita 3,000, na wewe uko mita 3,000. Viwango vya saa 12 na 18 havikutengenezewa mwinuko huo.

Ukipiga simu kununua tiketi uliza swali moja: "Hiyo ndege inajazwa hewa ndani?" Jibu likiwa hapana, au mpokeaji akianza kukueleza kuhusu mizigo, jipe saa 24 kamili na zaidi ukiwa umezama siku nyingi. Usimwombe rubani aruke chini kwa ajili yako. Ana milima, mawingu na waongozaji wa anga wa kuwajibu.

## Hatua ya 8: Saa za kusubiri, zitumie hivi

Kaa nchi ya chini, kaa karibu, kunywa maji. Magofu ya Gede, soko la Malindi, Mnara wa Vasco da Gama, Marafa na mabonde yake mekundu: kote huko hakuna mwinuko wa kukusumbua. Kuogelea juujuu kunaruhusiwa.

Usipande ndege ya kutazama mandhari. Usiruke kwa parachuti. Na usipige mbizi "moja ndogo ya kuaga", kwa sababu saa inaanza sifuri upya. Hata mita 6, hata dakika 15.

Pombe nyingi inakukausha na inafunika dalili. Kesho hutajua kama kizunguzungu ni cha bia au cha viputo. Kukanda mwili kwa nguvu nako kunachanganya: bega likiuma utamlaumu mkandaji. Mazoezi mazito yaache mpaka kesho yake.

Na oksijeni ya kituo ni ya mgonjwa. Kuna wanaodhani wakiivuta nusu saa wanaweza kuwahi ndege. Hiyo si njia ya kujipunguzia saa mwenyewe.

## Hatua ya 9: Jikague kabla ya kutoka hotelini

Dakika tano, mbele ya kioo, na mwenzako akiwepo. Tafuta:

- maumivu mapya ya bega, kiwiko, goti au nyonga, hasa yale ya ndani yasiyobadilika ukigusa;
- ganzi au kuwashwa kama sindano mikononi au miguuni;
- ngozi yenye madoa mekundu au ya zambarau kama marumaru;
- uchovu mzito usiolingana na ulichofanya;
- kizunguzungu, kuyumba, mguu kukosa nguvu;
- kushindwa kukojoa, kifua kubana, au mwenzako kusema unaongea ovyo.

Simama kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Tembea mstari mmoja kisigino kwa kidole.

Kitu kimoja tu kikiwepo, huruki, hata kama umesubiri saa 40. Zile saa ni za mtu asiye na dalili yoyote. Dalili nyingi hujitokeza ndani ya siku ya kwanza, na jambo la kawaida kuliko yote ni mtu kujiambia alilala vibaya.

## Dalili zikionekana

Mlaze chali. Mpe oksijeni safi kwa barakoa, kwa kiwango cha juu mtungi unachotoa, na usiitoe kwa sababu amesema amepata nafuu. Akiwa na fahamu na anameza vizuri, mpe maji kidogo kidogo. Usimrudishe baharini "akashushe viputo"; ushauri huo wa zamani bado unatembea kwenye maboti, na unaua.

Pigia kituo chako na bima ya mbizi, na anza safari ya hospitali huku simu zikiendelea. Tiba yenyewe ni chemba ya shinikizo, chumba kinachobanwa hewa ili viputo viyeyuke tena. Usitegemee kuikuta Malindi. Ile inayotajwa pwani ni ya Jeshi la Wanamaji, Mombasa, na njia ya kuifikia ni kupitia daktari na kituo chako, ambao watathibitisha kama inafanya kazi siku hiyo. Swali hilo liulize kituo kabla ya kulipia mbizi ya kwanza, pamoja na hili: "Mtungi wa oksijeni botini upo, umejaa?" Wakikujibu kwa kicheko, tafuta kituo kingine.

Malindi hadi Mombasa kwa barabara ni kilomita 120 hivi na yote ni ya chini, kwa hiyo gari ni salama kwa mgonjwa. Ikilazimu helikopta, iruke chini ya mita 300. Ikilazimu ndege, iwe inayoweza kuweka ndani shinikizo la usawa wa bahari. Mtu akishatibiwa kwenye chemba, siku ya kuruka anaisema daktari wake peke yake.

## Kama umesharuka ndipo unahisi vibaya

Ukiwa angani, mwambie mhudumu wa ndege maneno haya bila kuona haya: "Nilipiga mbizi kwa mtungi, naumwa, naomba oksijeni." Taja saa uliyoibuka.

Ukiwa umefika nyumbani, nenda hospitali siku hiyohiyo, na sentensi ya kwanza mbele ya daktari iwe kwamba ulipiga mbizi, lini, mara ngapi na kwa kina gani. Mpe ile karatasi yako. Daktari wa Nakuru au Eldoret anayeona mtu katoka pwani, amechoka, viungo vinauma, ataanza na kipimo cha malaria, na huwezi kumlaumu. Kipimo kikitoka safi wakakuandikia dawa za maumivu, rudia sentensi yako, na omba azungumze kwa simu na daktari wa tiba ya wazamiaji kupitia bima yako au kituo ulichozama nacho.